Kipima hewa cha mkononi: kizuri kwa kulinganisha, kibaya kwa kuaminiwa

Mimba ilipotimia miezi mitano nilinunua kile kidude cha kupimia uchafu wa hewa, kwenye duka moja la simu hapa Tanga mjini. Kinaenea kiganjani. Ndani kina kifeni kinachovuta hewa na mwanga wa leza unaohesabu chembe. Namba ya kutazama ni ya PM2.5, yaani chembe zisizozidi mikromita 2.5, zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuhusishwa na watoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo.

Mimi hofu yangu ilikuwa moshi wa bajaji za Ngamiani. Kumbe mbaya wangu yuko uani! Nikiwasha mkaa kwa kipande cha mfuko na mafuta ya taa kidogo, namba inaruka toka 20 hadi 400 na ushei kabla moto haujakolea. Siku hizi anawasha wifi yangu, nami naitwa jiko likishakuwa jekundu. (Naye nimemwambia asimame upande unakotoka upepo.) Udi wa Ijumaa nao, Mungu anisamehe, ulizishinda bajaji zote.

Unyevu wa pwani kinauogopa. Asubuhi moja ya masika, Raskazone, upepo safi wa bahari, kikasoma 60. Chembe zikinywa maji huvimba, leza ikaziona kubwa. Ndiyo maana nalinganisha tu: jikoni na sebuleni, saa ileile. Na usikifunge kwenye pindo la khanga, utapima khanga.

Linaloniudhi hasa ni rangi ya kijani. Mkaa uliokolea hautoi moshi, kwa hiyo kioo kinakuonyesha salama, ilhali monoksidi ya kaboni imejaa chumbani. Gesi hiyo haina harufu, huingia kwenye damu ya mama ikamfikia mtoto, na kifaa hiki hakiioni kabisa. Kikaratasi cha maelezo kimenyamaza kimya. Kwangu jiko la mkaa halilali ndani, kijani isiwe kijani.

Muuzaji anasema anacho kingine kinachopima na hiyo gesi. Aliponitajia bei nikamwambia nitapita kesho.