Wanaskani albamu nzima, si sura za watu tu

Waswahili wenzangu mnaoishi huku Ohio, hasa mliooa au kuolewa kwenye familia za hapa mkajikuta mmeachiwa maboksi ya picha za wazee: ipelekeni albamu duka hili la kuskani picha. Na msibandue hata picha moja kabla hamjafika.

Niliyopeleka ni ya bibi yake mama mkwe wangu. Mwaka 1915 alipanda treni kutoka Cleveland hadi San Francisco kutazama Maonyesho ya Panama-Pacific, yaliyoandaliwa kusherehekea kufunguliwa kwa Mfereji wa Panama, na njiani akapitia Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona. Kurasa ni za karatasi nyeusi, picha zimebandikwa kwa gundi, na maelezo yameandikwa kwa wino mweupe. Karatasi zimekauka kiasi kwamba ukizikunja kidogo zinavunjika.

Kwanza tuliituma kwa posta kwenye kampuni moja ya mbali. Mafaili yalirudi safi, yamenyooka, na hayana thamani. Mashine yao ilikuwa imekata kingo za kila picha. Kamera ya bibi ilikuwa Kodak ya Autographic, aina iliyoingia sokoni 1914. Nyuma ilikuwa na kidirisha kidogo: ukishapiga picha unakifungua, unaandika kwa kalamu ya chuma juu ya karatasi ya filamu, unaacha mwanga uingie sekunde chache, na filamu ikisafishwa mwandiko wako unatokea pembezoni mwa picha. Bibi aliandika mahali na tarehe karibu kila mara. Huo mwandiko ndio waliokata.

Hapa dukani mambo ni mengine kabisa. Dada aliyetupokea aliilaza albamu juu ya mito ya sponji ili isifunguke kupita kiasi, na hakugusa gundi. Haiwekwi kwenye skana ya kubana. Wanapiga kwa kamera inayotazama chini, taa mbili zimewekwa pembeni kwa mshazari, kwa sababu picha za umri huo hutoa ung'avu wa fedha sehemu zenye giza na taa ya moja kwa moja inaziharibu. Wanaanza na ukurasa mzima, kisha picha moja moja pamoja na ukingo wake, kisha upande wa nyuma wa zile zilizokwisha kuachia zenyewe. Unapewa faili lenye umanjano wake wa asili na jingine lililosafishwa. Mimi natazama lile la kwanza.

Huo upande wa nyuma ulitufundisha mengi. Picha kadhaa zimechapishwa kwenye karatasi ya postikadi, na pale pa kubandika stempu pana neno AZO, jina la aina ya karatasi ya picha, na pembetatu nne. Zote zikielekea juu, dada alituambia, karatasi ni ya kati ya 1904 na 1918. Tukaweza kuzitenga na picha za safari za baadaye zilizochanganywa humo na wajukuu.

Moja inamwonyesha bibi amepanda baghala kwenye msafara wa kuteremka Grand Canyon, na pembeni pameandikwa Kolb Bros. Hao ni Ellsworth na Emery Kolb, waliojenga studio ukingoni mwa korongo, kwenye mwanzo wa njia ya Bright Angel. Waliwapiga picha wapanda baghala asubuhi wakiteremka, na wakirudi wakazikuta tayari. Juu kule maji safi yalikuwa shida, hivyo Emery alikimbia na negativu kama kilomita 7 hadi kwenye chemchemi ya Indian Garden, mita 900 hivi chini, akazisafishia huko, akapanda tena kabla wateja hawajafika. Nikiitazama picha ile sasa nawaza miguu ya Emery kuliko baghala.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni picha ya stesheni. Katika faili la kampuni ya kwanza, bibi amesimama peke yake kando ya behewa. Katika faili la duka hili, ukingoni kabisa, yupo mwanamume Mweusi mwenye koti jeupe, ameshika kigoda cha kukanyagia abiria wakishuka. Ni mhudumu wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Kazi hiyo ilifanywa zaidi na wanaume Weusi, na abiria wengi waliwaita wote "George", jina la George Pullman, mwanzilishi wa kampuni hiyo, aliyekuwa amekwisha kufa tangu 1897. Chama chao cha wafanyakazi kiliundwa 1925. Mwandiko wa bibi chini ya picha haumtaji. Hata hivyo yupo, anaitazama kamera sawasawa, na mashine ilimfuta kwa sababu ilidhani ni ukingo. Hilo limeniuma, na limenifanya nimshukuru sana dada yule.

Dosari zipo. Mafaili yanakuja na namba tupu, kwa hiyo kuyapa majina ni kazi yako. Walichelewa kuliko walivyoahidi, na mpaka nilipopiga simu hakuna aliyeniarifu. Bei ni dola 3 kwa picha, ukurasa mzima ukihesabiwa kama picha moja. Kwa albamu nene si kidogo, ila mkiwa ndugu kadhaa changishaneni.

Piga simu kabla ya kwenda, maana anayeshughulikia albamu ni huyo dada mmoja tu, na siku asipokuwepo usimwachie mtu mwingine.