Rivyu: Lanchi ya bure Minnesota, na yule mwalimu wa jiografia aliyeileta

Hii rivyu imekaa kwa simu yangu karibu miezi miwili naandika nafuta, leo niko off wacha niimalize. Niko Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, huku kwenye Wakenya tumejaa hadi foleni ya duka unasikia Kikisii mbele na Kikuyu nyuma. Nina watoto wawili shule ya umma, mmoja gredi ya pili, mwingine ya sita, kwa hivyo naongea kama mteja, siasa sitaki. Nyota nne kwa tano, hiyo moja iliyobaki mtaona imeenda wapi.

Kwanza wale mko nyumbani Kenya muelewe, huyo mwalimu, Tim Walz, aliileta hii lanchi akiwa gavana wa Minnesota, na gavana wa huku si kama gavana wa kaunti. Kwetu gavana akigusa elimu ni chekechea na vile vyuo vya ufundi, shule zingine zote ni Nairobi wanaamua. Huku jimbo ndilo linaandika sheria za shule na kulipa sehemu kubwa ya gharama, halafu kila wilaya ya shule ina bodi yake ya kuchaguliwa inayoendesha mambo. Kwa hivyo gavana mpya akiingia, mzazi lazima aulize huyu ametoka wapi.

Tim Walz alipoapishwa Januari 2019 jibu lilikuwa rahisi, ametoka darasani. Alizaliwa Nebraska, akaingia jeshi la akiba akiwa na miaka 17, akasomea ualimu, akaenda Uchina mwaka mmoja kufundisha, akarudi Nebraska akaoa mwalimu mwenzake, halafu 1996 wakahamia Mankato hapa Minnesota, akawa mwalimu wa jiografia Mankato West na msaidizi wa kocha wa futiboli, ile yao ya kofia ngumu, na 1999 timu ikachukua ubingwa wa jimbo. Bunge la Washington alikuja kuingia baadaye, uchaguzi wa 2006.

Lakini stori iliyonishika mimi ni ya 1993, akiwa bado Nebraska, mji mdogo unaitwa Alliance. Aliwapa darasa lake kazi: angalieni mauaji ya kimbari yaliyowahi kutokea, tafuteni dalili zinazofanana, halafu mniambie ni nchi gani iko hatarini. Wale watoto wa mashambani wakapanga data zao wakajibu Rwanda. Mwaka uliofuata sote tunajua kilichotokea. Mimi niliposoma hiyo kitu nilinyamaza kidogo, maana 1994 sisi majirani wenyewe tulikuwa tunaangalia taarifa ya habari kana kwamba imetuangukia kutoka mbinguni.

Sasa, mwalimu mzuri si lazima awe kiongozi mzuri, kwetu tumeona walimu wangapi wakiingia siasa na chaki wakaisahau hapo hapo mlangoni. Na awamu ya kwanza ya huyu jamaa kusema ukweli sikuona kitu, Seneti ya jimbo ilikuwa mikononi mwa Republican, chama pinzani, korona ikaja, halafu Machi 2022 walimu wa Minneapolis wakagoma karibu wiki tatu. Bahati ilimwangukia baada ya uchaguzi wa 2022, chama chake cha Democrat kikashika mabunge yote mawili ya jimbo (Seneti kwa kiti kimoja tu!) na jimbo likajikuta na ziada ya zaidi ya dola bilioni 17. Na hela kama hizo hata mimi ningekuwa gavana mzuri bana. Ila si kila mtu angeanza na tumbo la mtoto. Tarehe 17 Machi 2023 akasaini, breakfast na lanchi bure kwa kila mwanafunzi shule ikishakuwa kwenye mpango wa kitaifa wa chakula cha shule, uwe mtoto wa daktari ama wa mama anayefagia hospitali usiku. California na Maine walikuwa wametangulia.

Kabla ya hapo mimi nilikuwa nalipa kama dola mia na ishirini kwa mwezi kwa watoto wawili, na akaunti ikiingia minus unapata meseji, ukiwa kazini, katikati ya shifti, unamgeuza mzee wa watu kitandani na simu inalia mfukoni ati mtoto wako ana deni la lanchi. Sisi tuliofukuzwa shule juu ya fees tunajua vile hiyo kitu inauma hata kama huku hawamfukuzi mtoto. Sasa hizo meseji zimekwisha.

Haya, chakula chenyewe. Tamu? Hapana. Pitsa ya mraba, nageti, siku ingine nyama ya taco (ile ya Kimeksiko), na mchele ambao mama yangu angeuliza nani amekufa jikoni. Lakini kinajaza, na kuna tunda kila siku, tena la lazima, trei isipokuwa na tunda ama mboga haihesabiwi kama mlo. Ndiyo maana begi ya huyu wangu mdogo kila Ijumaa ina tufaha tatu zimegongana zikawa nyeusi, anachukua juu anaambiwa achukue, kula hali.

Halafu maziwa, hapa ndipo nilicheka. Siku moja nilimfungia chapo na ndengu, akabeba mezani, akaenda kuchukua kapaketi ka maziwa peke yake, akatozwa. Kumbe kilicho bure ni mlo mzima, maziwa pekee si mlo. Angechukua trei yote akatupa pitsa na tufaha, maziwa yangekuwa bure! Trei ya pili pia unalipa, na huyu wa gredi ya sita siku hizi anakula kama fundi wa mjengo.

Na kitu wazazi wengi wetu hawajui: ile fomu ya mapato, ya kuombea chakula cha bure zamani, bado jazeni. Mama mmoja wa kanisani aliniambia, "Fomu ya nini tena baba, si chakula ni bure?" Mama, kuna hela zingine za shule zinazohesabiwa kwa idadi ya watoto wa familia za kipato cha chini, msipojaza shule inaonekana ya matajiri. Walimu wa hesabu za ziada wanatoka kwa hiyo pesa.

Darasani sasa. Pia 2023 walipitisha sheria ya kusoma inaitwa READ Act, inarudisha shule kwenye kufundisha sauti za herufi badala ya mtoto kutazama picha na kubahatisha neno. Yaani ba be bi bo bu! Kitu mwalimu wangu wa darasa la kwanza alikuwa anafanya na fimbo na ubao uliopasuka, huku imekuja kama uvumbuzi, na walimu wanarudishwa kozi kwa masaa mengi. Sikatai, wangu mdogo ameanza kusoma maneno marefu kwa kuyakatakata na mimi namsaidia kwa lafudhi ambayo ananirekebisha.

Ila hapa ndipo nyota moja ilipoenda. Kwa mtihani wa jimbo, karibu nusu ya watoto bado hawafikii kiwango cha kusoma. Na pamoja na zile bilioni mbili na zaidi walizoongeza kwa shule, 2024 wilaya nyingi zilikuwa zinakata bajeti tena, hela za korona kutoka Washington zimeisha na kila kitu kimepanda. Shule yetu mwalimu wa muziki sasa anakuja siku mbili kwa wiki. Mkubwa wangu alikuwa ameanza tarumbeta, imelala chini ya kitanda.

Fomu unaipata ofisi ya shule ama kwa tovuti ya wilaya, dakika kumi hivi. Na mtoto akibeba chapo, mpe senti kidogo za maziwa.