Madirisha yaliyobaki ya Katwe: uzoefu wangu

Tulipoamua kuongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba yetu hapa Bombo, Uganda, karakana ya karibu ilinitajia shilingi 380,000 kwa dirisha moja jipya la chuma la futi tano kwa nne, grili na vioo ndani yake. Nilihitaji manne. Nikashuka Kampala, Katwe, kutafuta yaliyobaki.

Katwe wanachomelea kila kitu cha chuma: mageti, vitanda, majiko. Nyuma ya mageti mapya ndiko utakuta madirisha yameegemezwa ukutani, yamejaa vumbi. Mengine mteja alitanguliza pesa kidogo akapotea, mengine yaliagizwa na shule yakazidi, na mengine yameng'olewa kwenye nyumba ambayo mwenyewe amehamia alumini. Hayo ya kung'olewa yachunguze sana, maana yamekula mvua miaka.

Muuzaji alinianza kwa Kiganda, aliposikia lafudhi yangu akageuza: "Mama, mwenye haya alipotea na simu yake. Nipe laki mbili na ishirini." Tulishindana hadi 170,000 kwa kila moja, bila vioo. Vioo vya milimita nne nilinunua huku nyumbani, kwani kusafirisha kioo kwenye pikapu kupitia Bwaise na Kawempe ni kujitafutia presha. Ukijumlisha vioo, puti ya kuvishikiza na kazi ya kuvitia, kila dirisha lilinigharimu kama 230,000. Pikapu ilichukua 80,000. Kwa hiyo nusu milioni na ushee ilibaki mfukoni, nayo ikaenda kwenye mabati.

Nenda na tepu yako. Pima kutoka kona hadi kona, kisha kona zile nyingine mbili. Vipimo visipolingana, fremu imepinda. Moja lilipishana sentimita mbili. Muuzaji akasema fundi atalipiga nyundo litakaa, nikamwambia basi alipige kwanza nione. Akaniletea jingine. Halafu kwaruza kwa ufunguo sehemu ya chini ya fremu, pale maji yanapotuama. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu hupakwa pia juu ya kutu yenyewe, na ikibanduka kama maganda, achana nalo. Fungua na kufunga kila ubawa. Kwenye dirisha moja bawaba ilikuwa imeshikizwa kwa tone moja la weldingi. Aliichomelea upya pale pale, bure.

Kilichoniudhi ni vishikio. Vilikuwa vya aina tofauti, na vile vyuma vya kuzuia ubawa usipigwe na upepo havikuwepo kabisa. Hilo hakulitaja hata kidogo wakati wa kupatana bei.

Alumini za kuteleza niliziangalia. Zinapendeza, ila zile za bei nafuu zilikuwa nyepesi mno, na bado ungenunua grili kando.

Haya madirisha yanamfaa mtu ambaye ukuta wake bado haujapanda. Sisi tulikuwa kwenye msingi, kwa hiyo fundi aliacha nafasi kwa kufuata vipimo vya nilichopata: matatu ya tano kwa nne, na moja la nne kwa nne ambalo tuliliweka upande wa stoo. Kama nafasi zako zimeshaachwa na linta, yaani zege la juu ya madirisha, imemwagwa, agiza mapya tu. Gharama ya kubomoa na kuziba itameza akiba yote. Na matundu ya hewa ya juu yawekee wavu kabla ya kupiga plasta. Mbu wa huku hawabishi hodi.

Dai risiti, hata ya kuandikwa kwa mkono. Ukipita na chuma kwenye pikapu bila karatasi, askari akikuuliza umekitoa wapi utamjibu nini?

Mvua za Machi zimeshapita. Dirisha moja lilivuja kwenye puti, fundi akairudia, na halijavuja tena. Kwa kazi nyingine ningerudi kwa muuzaji yuleyule, ila vishikio tungeviongelea kabla ya bei.