Kutibiwa Uingereza au Ujerumani: kodi dhidi ya bima

Nchi zote mbili zimeamua kwamba mgonjwa asiachwe kwa sababu hana fedha. Njia zao ndizo zinazotofautiana.

Uingereza, tangu tarehe 5 Julai 1948, wakati Aneurin Bevan akiwa waziri wa afya, matibabu hulipiwa hasa na kodi. Unamwona daktari, unalazwa, unapasuliwa, na hakuna anayekuletea bili. Lakini kwa kawaida humfikii daktari bingwa mpaka daktari wako wa kawaida akuandikie rufaa, kisha unaingia kwenye foleni. Lengo ni wagonjwa 92 kati ya 100 waanze matibabu yasiyo ya dharura ndani ya wiki 18, na kwa miaka mingi sasa halifikiwi. Kwa mtu anayengoja kubadilishiwa nyonga, kila wiki ni maumivu. Hilo linanisikitisha sana.

Ujerumani ilianza mapema zaidi, kwa sheria ya 1883 ya Bismarck, kansela (mkuu wa serikali) wa wakati huo. Mwajiri na mfanyakazi huchangia mifuko ya bima, asilimia 14.6 ya mshahara wakigawana nusu kwa nusu, pamoja na nyongeza ya kila mfuko. Mgonjwa huchagua daktari mwenyewe, hata bingwa. Akilazwa, hulipa yuro 10 kwa siku, zisizozidi siku 28 kwa mwaka.

Mimi ningeugua ghafla, popote kati ya hizo ningeshukuru. Kwa ugonjwa wa kungojea upasuaji, ningechagua Ujerumani.