Ushuru wa Reli: New York na Pennsylvania

Majimbo ya New York na Pennsylvania, nchini Marekani, yote mawili yalikuwa yamezamisha fedha nyingi katika mifereji kabla reli haijaja kuwania mizigo ileile. New York, iliyofungua Mfereji wa Erie mwaka 1825, ilianza kwa ukali: hati ya mwaka 1833 iliyoidhinisha reli ya Utica na Schenectady iliikataza kubeba mizigo, na hata masharti yalipolegezwa mwaka 1844, treni ziliruhusiwa kupakia pale tu mfereji ulipofungwa kwa majira ya baridi, tena kwa kulipa ushuru ambao mashua ingelipa. Pipa la unga, kwa maneno mengine, lililipia maji ambayo halikuyapitia. Ushuru huo ulifutwa mwaka 1851.

Pennsylvania ilichagua kutoza kodi kwa kila tani iliyobebwa na Pennsylvania Railroad, kampuni iliyopewa hati mwaka 1846. Kodi hiyo ilidumu hadi 1861, ingawa jimbo lilikuwa limekwisha kuiuzia kampuni hiyohiyo mifereji na reli zake za njia kuu mwaka 1857 kwa dola milioni 7.5. Kwangu mimi, hoja ya New York ya kuulinda mfereji ilikuwa na uzito zaidi, kwani mfereji wake uliingiza faida, ilhali kule Pennsylvania shehena ilibidi ivutwe kwa kamba kuvuka milima ya Allegheny.