Matone ya vitamini D kwa watoto wachanga wa nchi za baridi: angalia mdomo wa chupa kwanza

Chupa mbili zimekaa bega kwa bega kwenye rafu ya duka la dawa. Zote ni vitamini D3 ya watoto wachanga, na zote zinaahidi IU 400 kwa siku (IU ni kipimo cha kimataifa cha vitamini). Moja ina mililita 2.5, haifiki hata ukubwa wa kidole gumba. Nyingine ina mililita 50. Anayenunua kwa macho atabeba kubwa akiamini itadumu. Kumbe ile ndogo ina matone 90, na dozi ya siku ni tone moja, kwa hiyo inakwenda miezi mitatu. Ile kubwa dozi yake ni mililita nzima, na siku ya 50 imekauka. Vitamini iliyomo ni ile ile. Kinachozitofautisha ni namna inavyotoka kwenye chupa, na makosa mengi yanaanzia hapo hapo.

Kwamba mtoto anaihitaji, hilo halina mjadala mrefu. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa mionzi ya UVB, na majira ya baridi huko kaskazini jua hukaa chini mno kiasi kwamba mionzi hiyo karibu haifiki ardhini. Boston, Marekani, jua la Novemba hadi Februari halitengenezi chochote cha maana kwenye ngozi. Edmonton, Kanada, hali hiyo huanza Oktoba na kwenda hadi Machi. Kumuanika mtoto dirishani hakusaidii, kwa sababu kioo huzuia UVB, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuliko nyeupe ili kutengeneza kiasi kile kile. Maziwa ya mama, kwa ubora wake wote, kwa kawaida yana IU zisizozidi 80 kwa lita. Upungufu ukiendelea, mifupa hubaki laini na mtoto hupata matege. Ukiwa mkali zaidi, kalsiamu ya damu hushuka na degedege hutokea.

Sasa lebo. Mikrogramu 1 ni IU 40, kwa hiyo mikrogramu 10 ndiyo zile IU 400. Chupa ya Sweden au Ujerumani itaandika IE badala ya IU, ya Ufaransa UI. Maana ni moja. Usiishie kwenye namba kubwa ya mbele. Geuza chupa utafute maneno "kwa tone" au "kwa mililita", kwani hapo ndipo watu huangukia. Sweden watoto hupewa matone 5 kwa siku kuanzia wiki ya kwanza hadi miaka 2, na matone hayo matano kwa pamoja ndiyo mikrogramu 10. Familia ikihamia Kanada, ikanunua chupa ya tone moja na kuendelea na mazoea ya matone matano, mtoto anakunywa IU 2,000 kila siku. Kikomo cha juu kwa mtoto wa chini ya miezi 6 ni IU 1,000. Safari ikiwa ya kinyume, tone moja la chupa ya Sweden linampa IU 80 tu, na mzazi anaamini kazi imefanyika.

Chupa ya tone moja ndiyo tunayoipa alama ya juu, kwa masharti. Ndani kuna vitamini na mafuta mepesi tu, mara nyingi ya nazi yaliyochujwa yasigande, hayana ladha wala rangi. Mdomo wake hupima wenyewe. Pindua chupa, subiri sekunde kadhaa, tone litaanguka. Usitikise, usigonge kitako, usiminye. Ukifanya hivyo yanatoka mawili au matatu kwa mpigo. Baadhi ya midomo imetengenezwa ishikwe wima kabisa, mingine kwa mshazari, na ukikosea hewa haiingii, tone linagoma. Maelekezo ya karatasi ya ndani yasomwe kwa ajili ya jambo hilo moja, hata kama mengine utayaruka. Chupa iliyokaa mahali pa baridi huchelewa kudondosha kwa sababu mafuta yamekuwa mazito. Ishike kiganjani dakika moja.

Dosari yake ni kwamba tone ni dogo mno na halionekani vizuri. Mzazi aliyechoka usiku hajui limeanguka au bado, anaongeza jingine. Dawa yake ni kulidondosha kwanza mahali unapoliona: kwenye kidole kilichooshwa au kwenye chuchu, kisha mtoto anyonye kwa nusu dakika. Usidondoshe moja kwa moja mdomoni. Kuliweka kwenye chupa iliyojaa maziwa nako hakufai, maana mafuta hung'ang'ania kuta za chupa, na mtoto akibakiza maziwa hujui amebakiza na dozi kiasi gani.

Chupa ambayo dozi yake ni mililita moja inakuja na dropa (kijibomba cha kuvutia na kudondoshea) au sirinji. Faida yake ni kwamba dozi unaiona kwa macho. Lakini mwaka 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ililazimika kutoa onyo kwa sababu dropa za bidhaa fulani zilibeba zaidi ya IU 400, na wazazi walikuwa wakizijaza mpaka juu. Dropa nzuri haiwezi kubeba zaidi ya dozi moja, au ina mstari mmoja tu usiofutika. Ikiwa ina mistari minne na wino unaobanduka, irudishe rafuni. Dropa ya chupa moja isitumike kwenye chupa nyingine, hata kama zinafanana. Kimiminika kielekezwe ndani ya shavu, kidogo kidogo, si nyuma ya koo. Nyingi za aina hii zina ladha na utamu, na baadhi zina vitamini A na C au madini ya chuma. Yenye chuma huacha madoa kwenye nguo, na mtoto aliyehitaji D peke yake hana sababu ya kuinywa.

Ujerumani hutumia sana kidonge kidogo cha IU 500 kinachoyeyushwa kwenye kijiko cha maji au maziwa. Kipimo hakikosewi. Kero ni kukiyeyusha kikaisha kabisa huku mtoto analia, na vingi vina floraidi ndani, jambo la kuzungumza na daktari kabla ya kuongeza dawa ya meno yenye floraidi.

Mafuta ya ini la chewa hatuyapendekezi kwa mtoto mchanga. Yana D, lakini yana vitamini A pia, na kijiko kimoja cha yale ambayo A yake haijapunguzwa kinaweza kuvuka kikomo cha mikrogramu 600 kwa siku cha mtoto wa chini ya miaka 4. Peremende za vitamini zina tatizo jingine: zinaweza kumkaba mdogo, na mkubwa anazila kama pipi.

Matone ya watu wazima yasiguswe kabisa. Ufaransa mwaka 2021 mamlaka za afya zilionya baada ya watoto wachanga kuzidishiwa dozi kwa virutubisho vya kununua bila cheti cha daktari, baadhi vikiwa na IU 10,000 kwa tone moja. Ikizidi, kalsiamu hupanda: mtoto hutapika, hukataa kunyonya, hupata kiu, hukojoa sana, choo kinakuwa kigumu, na figo huumia. Dalili hizo zikionekana, acha matone na uende hospitali ukiwa na chupa yenyewe mkononi.

Si kila mtoto anayahitaji. Uingereza anayekunywa zaidi ya mililita 500 za maziwa ya kopo kwa siku haongezewi. Marekani kipimo ni kama lita moja. Anayenyonya pekee hupewa tangu siku za mwanzo, na anayechanganya hupewa mpaka afikishe kiasi hicho. Baada ya mwaka wa kwanza Uingereza inaendelea na mikrogramu 10 kwa wote hadi miaka 4.

Kabla ya kulipa, soma aina ya mafuta ikiwa familia ina mzio wa karanga, soya au ufuta. D3 nyingi hutokana na mafuta ya sufi ya kondoo. Wasiotaka ya mnyama waangalie ile ya kuvumwani (laikeni, inayoota juu ya mawe na magome ya miti). Ukifungua, andika tarehe kwenye lebo kwa kalamu ya wino, kwa sababu muda wa matumizi baada ya kufungua ni mfupi kuliko tarehe iliyochapwa. Nyumba ikiwa na walezi wawili, tiki kwenye kalenda ya jikoni huzuia dozi mbili kwa siku moja. Na siku ikirukwa, imerukwa. Kesho toa tone lile lile moja.