Chati ya ukutani ya pepo za misimu: uzoefu wangu katika darasa la historia, Kisumu

Chati ni ya saizi A1, imefunikwa plastiki, na kalamu ya ubao mweupe inafutika juu yake bila kuacha alama. Maandishi yanasomeka hadi dawati la nyuma. Naipa nyota tatu kati ya tano.

Kasoro kubwa ni mshale wa kusi, upepo wa msimu utokao kusini: mmoja, mnene, Aprili hadi Septemba, kana kwamba majahazi yalitweka tanga miezi yote hiyo. Juni na Julai kusi huwa kali mno, na bandari za magharibi mwa India zilikuwa hazifikiki. Waliotoka pwani yetu waliwahi Aprili bahari haijachafuka, au walingoja Agosti na Septemba. Bandika karatasi nyeupe juu ya Juni na Julai, mshale ubaki vipande viwili.

Kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini mashariki, nayo imevutwa hadi Sofala, bandari ya kale katika Msumbiji ya leo. Kusini mwa Rasi Delgado (kaskazini mwa Msumbiji) haitegemeki, kwa hiyo chombo cha Arabuni au Gujarat kisingeweza kufika Sofala na kurudi kwao kwa msimu mmoja. Ndiyo maana dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa. Mwanafunzi asipoliona hilo atakariri tu kwamba Kilwa ilitajirika. (Na mtepe, chombo cha kale cha Waswahili cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, umechorewa tanga la pembetatu! Mtepe ulikuwa na tanga la mkeka, la pembe nne.)

Kisanduku cha Vasco da Gama ndicho kinachostahili pesa yako: aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, tarehe 20 Mei yuko Calicut. Ongeza safari ya kurudi kwa kalamu. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijashika, akafika Malindi Januari 1499, mabaharia wengi wameuawa na kiseyeye. Bahari ileile: wiki nne kwenda, miezi mitatu kurudi.

Kuhusu chanzo cha pepo, chati inasema "joto" basi. Kwa watoto wa huku anzia Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria: alfajiri upepo hutoka nchi kavu, alasiri hutoka ziwani. Bara Asia hufanya hivyo kwa miezi badala ya saa. Kisha ongeza kwamba kusi ikivuka ikweta, mzunguko wa dunia huipinda kulia, ikaelekea India.

Usiitundike mkabala na dirisha, plastiki inamulika. Tumia misumari, gundi ya karatasi huachia mchana.